Msimu wa Mavuno Stellenbosch na Zabibu Tunayoifahamu Dodoma

Hakuna nchi duniani inayolima zabibu aina ya Chenin Blanc kwa wingi kuliko Afrika Kusini. Inaizidi hata Ufaransa, ambako aina hiyo ilitokea katika bonde la mto Loire. Zabibu hiyo hiyo ndiyo inayolimwa Dodoma, katika mashamba ya Hombolo, Mpunguzi na Mvumi, sambamba na zabibu nyekundu ya Makutupora Red, na wengi wetu tuliokulia huko tumeila ikiwa na vumbi la shambani kabla hatujawahi kuona chupa ya mvinyo mezani. Baada ya kufanya kazi kwa miaka kadhaa katika usindikaji wa mchuzi wa zabibu, yaani juisi ya kutengenezea mvinyo, nilikwenda Stellenbosch kama kibarua wa msimu wa mavuno, nikiwa na swali moja: imekuwaje zabibu ambayo kwetu huishia katika mvinyo mtamu wa bei ya chini, kule itoe mvinyo mweupe unaohesabiwa miongoni mwa ile bora ya dunia?

Watu wengi hujibu swali hilo kwa kutaja udongo na hali ya hewa. Jibu hilo lina ukweli, lakini ni nusu tu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Stellenbosch iko kilomita 50 hivi mashariki mwa Cape Town. Mji huo ulianzishwa mwaka 1679 na Simon van der Stel, aliyeiongoza Rasi ya Tumaini Jema kwa niaba ya Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, miaka 20 baada ya Jan van Riebeeck, kiongozi wa kwanza wa Waholanzi huko, kuandika katika shajara yake kwamba mvinyo wa kwanza wa Rasi ulikamuliwa tarehe 2 Februari 1659. Milima imeuzunguka mji: Simonsberg upande wa kaskazini, mabonde ya Jonkershoek mashariki, na Helderberg kusini, ambako mashamba yanatazama ghuba ya False Bay. Udongo wa miteremko mingi umetokana na mawe ya itale yaliyooza kwa muda mrefu sana, mwekundu wa manjano, unaohifadhi maji chini bila kutuama juu. Kuanzia mchana, wakati wa kiangazi, upepo wa kusini mashariki huvuma kutoka baharini. Ni mkali kiasi cha kuvunja machipukizi machanga, lakini hukausha majani na kupunguza ukungu, na wenyeji huuita Daktari wa Rasi. Mvua hunyesha wakati wa baridi, mizabibu ikiwa imelala bila jani hata moja, na mavuno huangukia miezi mikavu, kuanzia mwishoni mwa Januari hadi Aprili.

Mkulima wa Dodoma akisoma maelezo hayo ataona mara moja tofauti iliyopo. Kwetu, nyuzi sita tu kusini mwa Ikweta, mzabibu haulali. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa mkasi: akipogoa, machipukizi hutoka, na baada ya takribani miezi minne vishada viko tayari, ndiyo maana tunavuna mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Jambo hilo nitalirudia, kwa sababu ndani yake kuna fursa ambayo wenyeji wa Rasi hawana.

Shamba nililofanyia kazi lilikuwa kwenye mteremko wa Helderberg, na sehemu yake iliyopendwa kuliko zote ilikuwa eneo dogo la Chenin Blanc ya zamani iliyoachwa ikue kama vichaka, bila nguzo wala waya. Mzabibu wa namna hiyo haufiki kiunoni. Shina lake ni nene kama paja, limepinda na kupasuka, na vishada vyake hujificha chini ya majani, kwa hiyo mvunaji hufanya kazi akiwa ameinama au amepiga goti tangu kreti ya kwanza hadi ya mwisho. Mizabibu mizee huzaa kidogo. Kwa mkulima anayelipwa kwa tani hiyo ni sababu ya kuing'oa, na kweli maelfu ya hekta ziling'olewa katika Rasi ili kupanda aina zilizokuwa na soko zaidi. Iliyobaki imenusurika kwa juhudi za watu wachache, akiwemo Rosa Kruger, aliyezunguka wilaya moja baada ya nyingine akiitafuta na kuiorodhesha. Kazi yake ndiyo iliyozaa Old Vine Project, mpango unaotoa muhuri kwa mvinyo uliotokana na mizabibu yenye umri wa miaka 35 au zaidi, na muhuri huo hubandikwa kwenye chupa ukionyesha mwaka ambao shamba lilipandwa.

Tulianza kuvuna kabla jua halijachomoza, taa zikiwa zimefungwa vichwani, kwa sababu zabibu iliyovunwa ikiwa baridi hufika kiwandani ikiwa bado na harufu yake. Kishada cha Chenin kina tabia moja inayomtaabisha mvunaji: punje zake zimebanana sana. Punje moja ikipasuka katikati, juisi huvujia nyingine, na uozo huenea ndani huku kishada kikionekana kizima kwa nje. Msimamizi wetu, mama mwenye umri wa kutosha kuwa bibi, alitufundisha kukata kikonyo, kukigeuza kishada juu chini, kukibonyeza kidogo kwa kidole gumba na kukinusa. Kikitoa harufu ya siki, mtu hukikata katikati na kuangalia. Palipooza hutupwa chini, palipo pazima huingia kwenye kreti. Kreti zenyewe zilikuwa ndogo makusudi, ili zabibu za juu zisiziponde za chini. Aliyejaza kreti haraka kwa vishada vichafu hakusifiwa. Alirudishiwa kreti aichambue upya, na hakulipwa kwa muda huo.

Uamuzi wa siku ya kuvuna haukuachiwa kipimo cha sukari peke yake. Ni kweli kwamba kila alfajiri mtu alipita na kifaa cha kupimia, akikamua punje kutoka pande zote za shamba na kusoma sukari yake kwa nyuzi za Balling, kwani kila nyuzi moja huja kutoa zaidi kidogo ya nusu asilimia ya kileo. Chenin ya kutengenezea mvinyo mwepesi huvunwa ikiwa na nyuzi 21 au 22, na ile ya mvinyo mzito zaidi huachwa ifike 23 au 24. Lakini mtengenezaji mvinyo alitutaka tutafune. Tulitafuna punje, tukatema maganda kiganjani na kuzitazama mbegu: zikiwa za kijani, zabibu bado, zikiwa za kahawia na zinavunjika kwa meno kama karanga iliyokaangwa, wakati umekaribia. Ganda nalo husema. Ganda bichi hukwaruza ulimi na kuacha ukakasi, lililoiva hulainika na kutoa ladha ya tunda. Zaidi ya yote alitaka tusikilize uchachu, kwa sababu uchachu ndio unaoubeba mvinyo mweupe kwa miaka, na uchachu ukishapotea shambani hakuna ufundi wa kiwandani unaoweza kuurudisha ukawa ule ule.

Nilikuwa nimepima sukari ya zabibu mara nyingi Dodoma. Kutafuna kwa utaratibu ule, shamba kwa shamba, mstari kwa mstari, lilikuwa somo jipya kwangu, na ninaamini ndilo somo kubwa kuliko yote niliyoyapata.

Kiwandani kazi nyingi ni usafi, kuosha sakafu, mipira ya maji, matangi na kreti, kisha kuosha tena kabla ya kuhama zamu. Katikati ya usafi huo ndimo mvinyo hutengenezwa. Vishada vya Chenin viliingizwa kwenye mashine ya kukamulia vikiwa vizima, pamoja na vikonyo, na kukandamizwa polepole. Juisi ya kwanza hutoka kwa uzito wa zabibu zenyewe, karibu bila shinikizo, na ndiyo safi kuliko zote. Kadiri shinikizo linavyoongezeka, juisi huchukua ukakasi wa maganda na mbegu, ndiyo maana mtengenezaji alisimama na glasi mkononi, akionja kila baada ya dakika chache, hadi aliposema basi. Kilichotoka baada ya hapo kilielekezwa tangi jingine. Juisi huwa ya kahawia inapokutana na hewa, rangi ya maji ya mto baada ya mvua, na mtu asiyezoea hudhani imeharibika. Baada ya kutulia usiku kucha katika baridi, uchafu huzama na juisi hung'aa.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo kwetu ni nadra sana. Juisi ya shamba la juu haikuchanganywa na ya shamba la chini. Vichaka vya zamani vilikuwa na mapipa yao ya mwaloni, mengi yakiwa yametumika misimu kadhaa ili mbao zisimeze ladha ya tunda. Mizabibu michanga ilikuwa na tangi lake la chuma kisichoshika kutu. Kila chombo kilikuwa na karatasi yake ikionyesha shamba, tarehe ya kuvuna, sukari, asidi na jotoridi la kila siku. Mengine yalichachushwa kwa hamira iliyonunuliwa, mengine kwa hamira za asili zinazokuja na zabibu kutoka shambani, ambazo huanza kwa kusuasua na kumkosesha mtengenezaji usingizi. Kwa hiyo mwisho wa msimu mtu aliweza kuonja kila kipande cha ardhi peke yake na kujua ni kipi kilimpa nini.

Siku za mapumziko nilitembea kwenye vyumba vya kuonjea. Stellenbosch ndiyo iliyoanzisha njia ya kwanza ya mvinyo nchini humo mwaka 1971, kwa juhudi za wakulima watatu, Frans Malan wa Simonsig, Spatz Sperling wa Delheim na Niel Joubert wa Spier, na hadi leo mgeni anaweza kutoka shamba moja hadi jingine kwa baiskeli ikiwa ana miguu imara. Mwonjaji anayetaka kujifunza hutema. Ndoo ya kutemea huwa mezani, hakuna anayeona haya, na bila hivyo baada ya glasi chache ulimi hausemi tena kweli. Kwanza nilitazama rangi dhidi ya karatasi nyeupe, kisha nikanusa kabla ya kutikisa glasi na baada ya kuitikisa, kisha nikachukua funda dogo, nikaliviringisha mdomoni na kuvuta hewa kidogo juu yake.

Chenin changa ya tangi, isiyopita kwenye pipa, ilinishtua kwa harufu ya mapera. Mtu yeyote aliyewahi kupita chini ya mpera wakati wa msimu ataitambua pasipo kuambiwa. Mdomoni ilikuwa nyepesi, chachu kama tufaha la kijani, na ikaisha haraka. Kwa Ken Forrester, mkulima wa Helderberg ambaye ameitetea aina hii kwa zaidi ya miaka 20, nilionja ile inayotoka kwenye vichaka vya zamani na kuchachushwa ndani ya pipa: hapo mapera yalikuwa yamerudi nyuma, mbele kukiwa na asali, nyasi kavu na kitu kinachofanana na ganda la chungwa lililokaushwa, na uzito uliojaza mdomo wote. Kwa Bruwer Raats, upande wa Polkadraai, ambako ardhi ni ya itale, uchachu ulikuwa umenyooka zaidi, na baada ya kutema kulibaki ladha ya chumvichumvi kwa muda mrefu. Zabibu moja, wilaya moja, mvinyo mitatu isiyofanana. Ningepewa zote zikiwa zimechanganywa katika tangi moja kubwa, ningepata mvinyo mzuri wa kunywa na chakula, na nisingejifunza lolote.

Mvinyo mwekundu nilionja pia, na nisingeitendea haki Stellenbosch kama ningeiacha Pinotage, aina iliyozaliwa hapo hapo mwaka 1925 Abraham Izak Perold, profesa wa kilimo cha mizabibu, alipochavusha Pinot Noir kwa Cinsaut. Miche yake minne ilikaribia kutupwa bustani yake iliposafishwa baada ya yeye kuondoka chuoni. Ile ya Kanonkop, inayochachushwa katika masinki ya zege yaliyo wazi huku maganda yakikandamizwa chini usiku na mchana, ni mvinyo wa kuheshimiwa. Lakini Chenin ndiyo iliyonipeleka, na kwayo nilirudi kila mara.

Ni muhimu Mtanzania ajue kwamba Rasi yenyewe haikuiheshimu zabibu hii kwa muda mrefu. Katika sehemu kubwa ya karne ya 20 Chenin, iliyojulikana huko kwa jina la Steen, ilikuwa zabibu ya kutengenezea brandi na mvinyo wa bei rahisi. Lieberstein, mvinyo mweupe wenye utamu kiasi ulioingia sokoni mwaka 1959, uliuza zaidi ya lita milioni 30 mwaka 1964 peke yake, na Chenin ilikuwa sehemu yake kubwa. Wakulima walilipwa kwa wingi, kwa hiyo walizalisha wingi. Mabadiliko yalikuja hasa baada ya mwaka 1994, masoko ya nje yalipofunguka na wazalishaji wachache walipoanza kumlipa mkulima kwa hekta au kwa ubora ili akubali kuvuna kidogo. Udongo wa Helderberg ulikuwa ule ule mwaka 1964 na mwaka 2004.

Heshima hiyo kwa zabibu, hata hivyo, haijamfikia kila anayeivuna. Katika mashamba mengi ya zamani, mbele ya nyumba nyeupe zenye mapambo ya Kiholanzi, bado imesimama kengele iliyowaita watumwa kazini. Watu hao waliletwa kutoka Msumbiji, Madagaska, India na visiwa vya Indonesia, na ndio waliopanda mizabibu ambayo vipeperushi huisimulia kama kazi ya familia za walowezi. Utumwa ulifutwa rasmi mwaka 1834, lakini waliokuwa watumwa walilazimishwa kuendelea kufanya kazi kwa mabwana wao hadi mwaka 1838. Baada ya hapo uliendelea utaratibu wa kumlipa kibarua sehemu ya ujira wake kwa mvinyo, kikombe baada ya kikombe kwa siku nzima. Ulipigwa marufuku kisheria katika miaka ya 1960, ukaendelea kwa siri katika baadhi ya mashamba kwa miongo mingine, na matokeo yake bado yanaonekana: wilaya za mvinyo za Rasi Magharibi zina viwango vya juu kuliko karibu sehemu zote duniani vya watoto wanaozaliwa wakiwa wameathiriwa na pombe waliyokunywa mama zao. Msimamizi wetu hakuonja mvinyo kabisa. Alijua ubora wa kishada kwa pua yake kuliko mtu yeyote shambani, na chupa za mavuno yake hakuwahi kuzigusa, kwa sababu alizoziona alipokuwa mtoto nyumbani kwao.

Mwaka 2012 vibarua wa De Doorns, bonde la zabibu za mezani, waligoma wakidai nyongeza, na mgomo ukasambaa hadi wilaya nyingine. Mwaka uliofuata serikali ilipandisha kima cha chini cha wafanyakazi wa mashambani kutoka randi 69 hadi 105 kwa siku. Nilikutana na vijana kutoka Zimbabwe na Malawi wanaokuja kila msimu, wakilala wengi katika chumba kimoja na kutuma nyumbani wanachopata. Kwa upande mwingine wapo waliovuka ukuta huo. Ntsiki Biyela, aliyekulia kijijini KwaZulu-Natal na kufika Stellenbosch kwa ufadhili wa masomo kabla hajawahi kuonja mvinyo maishani mwake, anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza mweusi nchini humo kuwa mtengenezaji mkuu wa mvinyo, na leo ana kampuni yake, Aslina, iliyopewa jina la bibi yake. Ninamheshimu mno. Lakini simulizi yake isitumike kuficha mstari mrefu wa watu walioinama kwenye vichaka kabla ya alfajiri.

Ninaporudisha haya Dodoma, sioni haja ya kuiga kila kitu. Hatuna baridi ya kulaza mizabibu, wala pesa za mapipa mapya ya mwaloni. Tunacho kitu kingine. Mavuno yetu ya Februari na Machi huiva wakati wa mvua, uozo na ubwiri vikiwa tele. Yale ya Agosti na Septemba huiva katika ukavu, yakiwa yametanguliwa na usiku wenye ubaridi wa Juni na Julai katika nyanda zilizo mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Kama kuna Chenin ya Tanzania itakayokaa mezani karibu na ya Helderberg bila kuaibika, itatoka katika mavuno hayo ya pili. Kwa sasa zabibu za misimu yote miwili hupimwa kwenye mzani mmoja na mara nyingi kulipwa bei inayofanana, safi na chafu, ya Hombolo na ya Mpunguzi, kisha humiminwa pamoja. Mkulima aliyepunguza vishada ili vilivyobaki viive vizuri hupata hasara kwa sababu ya uangalifu wake, na miaka ambayo wanunuzi hawatoshi, zabibu huozea shambani kabisa.

Kwa hiyo nimekubaliana na wakulima wachache kwamba kwa mavuno ya Agosti tutavuna Chenin yao kabla ya jua kupanda, kwa kreti ndogo, na kila shamba litakuwa na tangi lake na karatasi yake. Bei ya kilo itapangwa kabla ya kupogoa, ikiwa juu ya ile ya soko kwa vishada vilivyochambuliwa, na vibarua watalipwa kwa siku badala ya kreti ili asiwepo anayelazimika kukimbizana na wingi. Tatizo ambalo bado halijapata ufumbuzi ni baridi: juisi inahitaji kutulia usiku mmoja katika nyuzi 10 au chini yake, na umeme ukikatika usiku huo kazi yote inapotea. Tunatafuta jenereta ya kukodi na chumba cha baridi kilicho karibu na mashamba, na mvinyo huo tutautengeneza mkavu, bila kuongeza sukari.